Waliokimbia picha zao

Gazeti lenyewe lilikuwa changa, halijafikisha hata miezi mitatu sokoni, na nakala zake hazikuzidi 2,000 hivi. Liliitwa Rolling Stone, jina la kuazima tu, maana halikuwa na undugu wowote na jarida la muziki la Marekani. Mhariri wake, Giles Muhame, alikuwa na miaka 22. Tarehe 2 Oktoba 2010 gazeti hilo la Kampala lilitoa sura za watu, majina yao na mahali wanapoishi, likadai kuwa hao ndio mashoga wakubwa wa Uganda, na kwenye ukurasa huohuo likataka wanyongwe.

Watatu kati ya waliotajwa hawakukimbia. David Kato, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Julian Onziema walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 30 Desemba 2010 Jaji Kibuuka Musoke akawapa haki. Alisema kesi hiyo haikuhusu ushoga wenyewe. Ilihusu utu na faragha: mtu akitajwa nyumba yake na kutakiwa anyongwe, amevunjiwa vyote viwili. Kila mmoja aliamriwa kulipwa shilingi milioni moja na nusu za Uganda. Haukupita mwezi. Tarehe 26 Januari 2011 Kato aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake, wilayani Mukono.

Katika habari za kifo chake jambo moja lilipita haraka haraka. Kato aliwahi kuwa mhamiaji. Alifundisha shule Afrika ya Kusini kwa miaka kadhaa, akaushuhudia ubaguzi wa rangi ukianguka na nchi nzima ikijiandikia katiba mpya, kisha mwaka 1998 akarudi Uganda na kuitisha mkutano na waandishi wa habari ili ajitangaze mwenyewe alivyo. Polisi walimweka ndani juma zima. Basi huyu mtu alikuwa amejitambulisha kwa mdomo wake miaka 12 kabla ya Rolling Stone kumtambulisha kwa wino. Alichokipeleka mahakamani kilikuwa ugomvi juu ya nani ana mamlaka ya kumsimulia.

Ugomvi huo ndio unaowaandama wahamiaji wa aina yake kokote waendako, kutoka Kampala hadi Nairobi, kutoka Bukavu hadi Johannesburg, kutoka Mogadishu hadi London. Kwa mtazamaji wa kawaida, shoga wa kwenye runinga ni kichekesho, au kashfa, au mada ya kubishania Jumapili baada ya misa. Kwa mhamiaji anayependa watu wa jinsia yake, picha hiyohiyo inaweza kuwa ndiyo iliyomfukuza kwao, na baadaye ikawa ndiyo kipimo atakachopimiwa na ofisa wa uhamiaji anayeamua kama abaki au arudishwe.

Orodha zina historia yake katika ukanda huu. Tarehe 24 Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya ushoga. Kesho yake gazeti la udaku la Red Pepper likatoka na majina 200. Sheria ile ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, lakini gazeti halina mahakama ya kulibatilisha: aliyeonekana ameonekana. Tanzania nayo ilipitia njia hiyo. Februari 2017 naibu waziri wa afya, Hamisi Kigwangalla, alitishia kuchapisha orodha ya mashoga. Oktoba 2018 Paul Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, akaomba wananchi wamtumie majina, akatangaza kuwa maelfu ya ujumbe yameshaingia. Serikali yake ilijitenga naye baada ya siku chache na kusema hayo ni maoni yake binafsi. Wakati huo baadhi ya watu walikwisha kuhama nyumba, na wengine walikwisha kuvuka mpaka.

Kasungami iko mbali na Kampala, tena mbali sana. Ni mtaa wa pembezoni mwa Lubumbashi, nchini Kongo, katika komini ya Annexe, ambako umeme wa shirika la SNEL huja unapotaka na simu huchajiwa kwa zamu. Lakini picha haihitaji kupita forodha ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mtu akinunua mega za mia chache, video ya mchungaji wa Kampala, kipande cha tamthilia ya Johannesburg na vichekesho vya Kinshasa vyenye mwanamume aliyevaa gauni na kulegeza kiuno vinaingia pamoja katika simu moja, na kikundi cha WhatsApp cha familia kinafanya kazi iliyobaki. Kijana mwenye siri yake hutazama sauti ikiwa imezimwa, hucheka wenzake wanapocheka, kisha hufuta. Nalo hilo ni jibu kwa picha, hata kama halimfikii mtu wa kuandika utafiti.

Sheria ya Kongo inamweka kijana huyo pahala pasipoeleweka. Hakuna kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Kipo kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu, kinachohusu kukosea adabu hadharani, na hicho hutumika pale askari anapotaka kukitumia. Kipo pia kifungu cha 40 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kinachompa kila mtu haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine. Desemba 2013 mbunge Steve Mbikayi alipeleka muswada wa kuuharamisha ushoga waziwazi, nao haukuwa sheria. Kwa hiyo anayetoka Lubumbashi hatoki na hati ya mashtaka mkononi. Hutoka na maneno ya jirani, mahubiri, kipigo cha kaka, pengine siku tatu za maombi ya kumtoa pepo. Mambo hayo ni mazito kuyabeba na magumu kuyathibitisha.

Na njia yake, kama njia ya kila mtu wa Katanga anayetafuta maisha, inaelekea kusini. Kasumbalesa iko umbali wa kilomita 90 hivi. Halafu Zambia, ambako kifungu cha 155 cha kanuni ya adhabu kinaweza kumfunga mtu maisha. Novemba 2019 wanaume wawili walihukumiwa huko kifungo cha miaka 15. Balozi wa Marekani, Daniel Foote, aliposema hadharani kwamba amestushwa, Lusaka ikakataa kufanya naye kazi tena na akarudishwa kwao. Wafungwa wale walisamehewa na rais Mei 2020. Halafu Zimbabwe, ambako kwa miaka mingi Robert Mugabe aliwafananisha mashoga na wanyama jukwaani na redioni. Halafu daraja la Beitbridge, na ng'ambo ya Limpopo nchi ambayo sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 1998 inataja mwelekeo wa mapenzi kuwa miongoni mwa sababu za kumpa mtu hifadhi, na ambayo tangu mwishoni mwa 2006 inafungisha ndoa za watu wa jinsia moja.

Huko mgeni anakuta runinga nyingine kabisa. Mwaka 2009 tamthilia ya Generations, iliyokuwa ikitazamwa na mamilioni kwenye SABC 1, ilionyesha wanaume wawili, Senzo na Jason, wakibusiana. Watazamaji wengine waliapa kutoitazama tena. Tamthilia haikufa kwa hilo. Mwezi Agosti mwaka huohuo waziri wa sanaa na utamaduni, Lulu Xingwana, alitoka kwenye maonyesho ya picha mjini Johannesburg baada ya kuona kazi za Zanele Muholi, akisema zinakwenda kinyume na maadili. Muholi, mzaliwa wa Umlazi, alikuwa ameanza mwaka 2006 kuwapiga picha wanawake weusi wanaopenda wanawake: sura kwa sura, macho yakimtazama anayetazama, bila kuficha. Filamu ya Inxeba ya mwaka 2017, iliyogusa jando la Waxhosa, ilizua hasira kiasi kwamba Februari 2018 ilipandishwa daraja na kuwekwa pamoja na filamu za ngono, hadi Mahakama Kuu ya Pretoria ilipolitengua jambo hilo miezi michache baadaye.

Kwa Mkongomani aliyetua Yeoville, mtaa wa Johannesburg, na begi moja, mabishano hayo yote yana kasoro: yeye hayumo. Shoga wa runinga ya Afrika ya Kusini ni mwenyeji, mara nyingi wa mjini, mwenye kazi nzuri na Kizulu cha kumwagika. Mgeni wa runinga hiyohiyo ni mwanamume mwenye mke na watoto, anayelinda magari au kusuka nywele, au anayeonekana akikimbia na televisheni kichwani wakati maduka yanachomwa. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yaliua watu 62. Picha za mwezi ule zilizunguka dunia, na hakuna aliyezitazama akafikiri kwamba katika wale wanaokimbia yumo aliyekwisha kukimbia mara ya kwanza kwa sababu tofauti kabisa.

Pengo hilo lilitafutiwa dawa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kituo chake cha Uhamaji na Jamii barani Afrika kiliendesha mradi ulioitwa Queer Crossings, na baadaye kikachapa kitabu chake. Hakikutuma mpiga picha. Kiliwapa wahamiaji wenyewe rangi. Walichora ramani za miili yao kwenye karatasi za ukubwa wa mtu mzima, wakaweka alama palipouma na palipopona, wakaandika. Mtu aliyezoea kusikia habari zake zikitajwa pamoja na UKIMWI na uhalifu anapopewa karatasi yenye urefu wake mwenyewe, ana nafasi ya kutosha kuweka mambo mengine: mama yake, safari, Mungu, nguo anayoipenda.

Mungu, kwa kweli, anatokea mara nyingi kuliko wahariri wanavyotarajia. Mwaka 2021 John Marnell alitoa kitabu cha simulizi za wahamiaji wanaokutana katika kanisa Katoliki la Holy Trinity, Braamfontein, katikati ya Johannesburg, ambako kuna huduma maalumu kwa ajili yao. Vyombo vya habari vya Ulaya hupenda hadithi ambamo dini ni adui na ndege ya kwenda Magharibi ni wokovu. Watu wa Braamfontein wanasimulia habari iliyojikunja zaidi: wamefukuzwa makanisani, na bado wanakwenda kanisani.

Tuvuke bahari, maana ndiko picha zinakogeuka kuwa karatasi za mahakama.

Tarehe 7 Julai 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya wanaume wawili, mmoja wa Iran na mwingine wa Kamerun, waliokataliwa hifadhi kwa hoja kwamba wakirudi kwao waishi kwa kujificha na hakuna atakayewagusa. Mahakama ilikataa hoja hiyo kwa kauli moja. Ulikuwa ushindi mkubwa, na maelfu wamefaidika nao. Lakini katika kueleza uhuru anaostahili shoga, mmoja wa majaji, Bwana Rodger, alitoa mfano wa kwenda kwenye matamasha ya Kylie Minogue na kunywa vinywaji vya rangi za ajabu ajabu. Alisema mwenyewe kuwa ni mfano mwepesi wa mazoea ya Waingereza, akautoa kwa nia njema. Ila mfano ukishaingia katika hukumu unasafiri. Fundi wa gereji kutoka Mbale asiyemjua Kylie na asiyekunywa pombe atajiuliza kama shoga anayezungumziwa ni yeye au mtu mwingine.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Kabla ya hukumu ile waombaji waliambiwa wajifiche. Baada yake swali likawa, tutajuaje kwamba ni wewe kweli? Watu wakaanza kupeleka ushahidi ambao hakuna ambaye angeombwa autoe katika jambo lingine lolote, pamoja na video za chumbani. Oktoba 2014 mkaguzi wa uhamiaji wa Uingereza, John Vine, aligundua kuwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya mahojiano aliyoyapitia ilikuwa na maswali ya kumchokonoa mtu juu ya tendo lenyewe. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikapiga marufuku vipimo vya namna hiyo na video hizo, na ikasema ofisa hawezi kufikia uamuzi kwa kutegemea dhana za jumla peke yake. Januari 2018 ikaongeza kwamba mwombaji asipimwe kwa majaribio ya wanasaikolojia yanayodai kuufichua mwelekeo wake.

Dhana haikuondoka kwa sababu mahakama imesema. Agosti 2018, huko Austria, kijana wa Afghanistan alikataliwa. Ofisa aliandika kwamba mwendo wake, tabia yake na mavazi yake havionyeshi kwamba ni shoga. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba kijana wa Iraki naye amekataliwa nchini humohumo: huyu alikuwa anajilegeza kupita kiasi, ofisa akaona anaigiza. Msomaji ataona mwenyewe kwamba kati ya hao wawili hapakuachwa nafasi ya mtu kupita. Kipimo kilichotumika si cha sayansi wala cha sheria. Kimetoka kwenye sinema na tamthilia ambazo ofisa amezitazama tangu utoto.

Aderonke Apata, Mnigeria, alikutana na kipimo kingine. Mwaka 2015 wakili wa serikali ya Uingereza alisimama mahakamani mjini London akidai kuwa hawezi kuwa msagaji kwa kuwa ana watoto na aliwahi kuwa na mume. Mwanamke yeyote wa Kasungami angeweza kumweleza wakili huyo mambo mawili matatu kuhusu namna ndoa zinavyofungwa na kwa nini. Apata hakungoja aelezewe. Mwaka 2014 alikuwa tayari ameanzisha African Rainbow Family, jumuiya ya wahamiaji wenzake, na mwaka 2017 akapata hifadhi yake.

Kenya ni sura ya peke yake katika habari hii. Ni nchi ambayo sheria yake inaweza kumfunga mwanamume miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuifuta tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo ndiyo iliyowapokea mamia ya Waganda waliokimbia kuanzia 2014, na ikawapeleka wengi wao Kakuma, katika joto la Turkana, pamoja na Wasomali, Wasudani Kusini na Wakongomani.

Waandishi wa habari waliwafuata. Mwezi Juni 2018 kundi lao liliandamana kambini na bendera ya upinde wa mvua. Picha zilifika pande zote za dunia katika siku chache, vitisho navyo vikafika, na kabla mwaka haujaisha shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likawahamishia makumi yao Nairobi. Mwezi Machi 2021 bomu la petroli lilirushwa Block 13, eneo la kambi walikokuwa wakiishi wengi wa kundi hilo. Kijana mmoja wa Uganda alifariki mwezi uliofuata kwa majeraha ya moto.

Hapa pana jambo gumu, na si haki kulifunika. Wakazi wa Block 13 walipiga picha zao wenyewe, wakazisambaza wenyewe, majeraha na yote. Walikuwa wamejifunza kwamba asiyeonekana hasikilizwi, na kwamba wafadhili wa mbali huchanga kwa kuona damu. Wakosoaji waliwaambia wanajitangaza ili wapelekwe Kanada au Marekani. Labda wengine walifanya hivyo. Nani aliye kambini miaka saba asiyetaka kuondoka? Lakini mwenye kumlaumu mkimbizi kwa kujionyesha kama mhanga amtazame kwanza mtu wa kamera aliyekuja kwa ndege, akakaa siku mbili, na kumuuliza swali moja tu: walikupiga vipi?

Nairobi ilitoa jibu la namna nyingine. Wakimbizi wa Kiganda wa kikundi cha The Nature Network walikaa na watafiti Adriaan van Klinken na Johanna Stiebert, wakaandika maisha yao kirefu, kisha wakachukua Biblia na kuigiza. Habari ya Danieli waliijua tangu shule ya Jumapili: wakubwa wanamwonea wivu mtu, wanamshawishi mfalme atie saini sheria ya kumnasa, mfalme anasaini na hawezi tena kuitangua. Kwa mtu aliyeondoka Kampala Februari 2014 hakuna la kufafanua hapo. Ya pili ilikuwa ile ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi na kuletwa mbele ya Yesu; katika igizo lao wanaoletwa ni wanaume wanaoshtakiwa kwa uchafu. Maigizo yote mawili yakawa filamu fupi. Kitabu, Sacred Queer Stories, kilitoka 2021, na juu ya jalada, pamoja na majina ya wasomi wawili, yapo ya wakimbizi wawili: Sebyala Brian na Fredrick Hudson. Waliyaweka kwa hiari yao.

Kasha Nabagesera alikuwa amekwisha kupita njia ya wino. Baada ya Red Pepper, alikusanya simulizi za Waganda waliochoka kusimuliwa na akatoa jarida la Bombastic, nakala 15,000, bure, mkono kwa mkono, kwa kuwa hakuna duka ambalo lingeliweka mezani. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Right Livelihood mjini Stockholm. Cleopatra Kambugu, mwanamke aliyezaliwa akidhaniwa mwanamume, alitokezwa kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la udaku wakati sheria ya 2014 inapitishwa, akahamia Kenya. Huko aliendelea kumruhusu mwongozaji wa Kiswidi Jonny von Wallström amrekodi, na filamu iliyotoka 2016, The Pearl of Africa, ina mapenzi ndani yake zaidi ya vilio: mtu na mwenzake jikoni, safarini, hospitalini, wakitaniana. Wapo waliosema filamu ni laini mno kwa mambo yalivyo. Mimi nadhani ulaini huo ndio uliokuwa umekosekana.

Ulaini pia ndio kosa la Rafiki, kama tukiisikiliza bodi ya filamu ya Kenya. Filamu hiyo ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilipigwa marufuku Aprili 2018 wakati inasubiriwa Cannes. Mwongozaji alieleza kuwa bodi ilitaka mwisho ubadilishwe. Wasichana wale hawakujutia vya kutosha. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe siku saba, na foleni za Nairobi zikawa habari. Ndani ya filamu, Ziki akishafumaniwa na Kena wazazi wake hufanya kile ambacho familia zenye pesa hufanya: wanampeleka London. Kwa maskini hakuna London, kuna basi la usiku kwenda mji ambao shangazi hayupo.

London hiyohiyo ndiko Diriye Osman, aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Nairobi baada ya familia yake kukimbia vita, alikoandika Fairytales for Lost Children, kitabu cha hadithi za Wasomali wanaopendana, kikapata tuzo ya Polari mwaka 2014. Msomali katika magazeti ya Uingereza ya wakati huo alikuwa haramia au gaidi. Osman alimpa Msomali wake kitanda, bibi mwenye maneno makali, na lafudhi ya Eastleigh, Nairobi.

Lubumbashi yenyewe si mji mgeni kwa mambo ya picha. Kundi la Mufwankolo lilichekesha vizazi vya Walushois kwa Kiswahili chao wenyewe, redioni na runingani, likiwachora mume mlevi, shemeji mlafi na bosi wa kampuni. Tangu 2008 chama cha Picha kinaandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huu kila baada ya miaka miwili au mitatu. Na mwaka 2023 mwongozaji Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978 na kupelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo, alipeleka Cannes filamu yake ya Augure na kurudi na tuzo. Ni filamu ya watu waliobandikwa jina: Koffi, anayerudi kutoka Ulaya na alama mwilini ambayo familia inaiita ya shetani, Paco, mtoto wa mitaani, na genge lake la wavulana waliovaa sketi za waridi za wacheza baleti, na Tshala, dada yake Koffi, aliyejichagulia mapenzi yasiyo na ndoa wala mipaka na anayeona usalama wake uko Afrika ya Kusini. Hakuna anayetamka neno ushoga katika habari hiyo. Lakini meza ya familia ambayo mtu anaikaribia na zawadi, akajibiwa kwa maombi ya kutoa pepo, wengi waliokwenda kusini wanaijua hata viti vyake.

Bukavu kipo chama chenye neno zuri la Kiswahili katika jina lake, Rainbow Sunrise Mapambazuko, kilichofanya kazi ya kutetea watu hawa katika Kivu kwa zaidi ya miaka kumi. Februari 2025 mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na umati ukaondoka kuelekea Uvira, Burundi na kwingineko. Burundi imeharamisha mapenzi ya jinsia moja tangu 2009, na mwishoni mwa Desemba 2023 rais wake, Évariste Ndayishimiye, alisema hadharani, mbele ya vipaza sauti vya redio, kwamba watu hao wangewekwa uwanjani wapigwe mawe. Mkimbizi anayevuka mto Ruzizi na redio mfukoni ameshaisikia sauti ya mwenyeji wake kabla hajafika kwake.

Uganda nako mlango umebanwa zaidi. Sheria ya Mei 2023, ambayo Mahakama ya Katiba iliiacha isimame karibu yote tarehe 3 Aprili 2024, inampa hadi miaka 20 jela anayehukumiwa kwa kuutangaza ushoga. Maana yake jarida kama Bombastic leo ni kosa kubwa kuliko orodha ya Rolling Stone ilivyokuwa.

Kongo ina nafasi ya kuchagua, na uchaguzi huo kwa sehemu kubwa uko katika vyumba vya habari. Polisi wa Lubumbashi wakimkamata mtu kwa kifungu cha 176, hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kituo cha runinga au ukurasa wa Facebook aonyeshe sura yake, ataje avenyu yake, au amshikie kipaza sauti mdomoni akiwa bado na pingu. Sheria mpya ya vyombo vya habari na Kanuni ya Kidijitali zote mbili zilitiwa saini tarehe 13 Machi 2023, na hiyo ya pili ina sehemu ndefu juu ya ulinzi wa taarifa binafsi za mtu. Mkurugenzi wa kituo anaweza kuisoma mchana mmoja, akaibandika ukutani mahali wahariri wa video wanapokaa.